Namna ya kuanzisha usimamizi wa matengenezo ya mashine katika kampuni ndogo

Mimi ni fundi mitambo. Nimefanya kazi kwenye karakana za useremala, kwenye viwanda vidogo vya kufungasha bidhaa na kwenye uchapaji, na siku hizi kazi yangu kubwa ni kuzisaidia kampuni ndogo kupanga matengenezo ya mashine zao. Nazungumzia kampuni yenye mashine kumi, ishirini, pengine thelathini. Fundi mmoja au wawili. Na mwenye mali ambaye ndiye meneja, ndiye mnunuzi, na jioni ndiye anayefunga geti. Mwongozo huu ni wake, na ni wa fundi wake.

Kila ninapoingia kampuni mpya huwa naomba kwanza nionyeshwe mahali hitilafu zinapoandikwa. Mara nyingi daftari lipo. Kurasa za mwanzo zimejaa miandiko ya watu mbalimbali, mbele maandishi yanapungua, kisha kurasa ni nyeupe mpaka mwisho. Ukiwauliza waendesha mashine kwa nini waliacha, jibu ni lile lile: "Fundi, tuliandika sana, hakuna aliyekuja." Hapo ndipo mipango ya matengenezo inapofia. Haifi kwa kukosa kompyuta wala kwa kukosa mtaalamu. Inakufa pale mtu anaposema, na hakuna anayemjibu. Kwa hiyo kila hatua nitakayoeleza, kuanzia orodha ya mashine mpaka hesabu za mwisho wa mwezi, ipime kwa swali hili: je, aliyetoa taarifa ameona neno lake limefanyiwa kazi?

Zunguka na daftari, mashine kwa mashine

Usianzie ofisini. Chukua daftari, tochi, kitambaa cha kufutia na simu yenye kamera, uanzie mlangoni. Kila mashine ina kibati chake, kile kipande cha chuma kilichogongwa maandishi, na mara nyingi kimefichwa na vumbi au na rangi iliyopakwa juu yake. Kifute, kipige picha, kisha nakili jina la mtengenezaji, modeli, namba ya mashine na mwaka. Kwenye mota nakili pia kilowati, volti, ampea na mizunguko kwa dakika. Ampea hasa usiiache: siku moja utapima umeme unaoingia kwenye mota, na bila ile namba ya kibati hutajua kama inabeba mzigo kupita uwezo wake.

Ipe kila mashine namba fupi, uipake kwa rangi mahali inapoonekana: KMP-01 kwa kompresa ya kwanza, MSM-02 kwa msumeno wa pili. Usiingize jina la chumba ndani ya namba, kwa sababu mashine huhamishwa na namba itabaki inadanganya. Halafu weka safu ya jina ambalo wafanyakazi wenyewe wanaiita mashine hiyo. Kila karakana ina "ile kubwa", "ya zamani", "ya dirishani". Fundi mgeni akiambiwa ya dirishani imezima, aikute kwenye orodha bila kuuliza mtu.

Sasa tafuta namba za vitu vinavyochakaa: mikanda, beringi, filta, sili za mafuta. Hapa ndipo orodha inapoanza kukulipa. Chukua beringi iliyoandikwa 6205. Tarakimu mbili za mwisho ukizidisha kwa 5 unapata kipenyo cha tundu lake kwa milimita, yaani 25. Na kwa 6206 ni 30. Zikifuatiwa na 2RS, maana yake ina ngao ya mpira pande zote mbili. C3 maana yake nafasi ya ndani ni kubwa kidogo kuliko ya kawaida, kwa ajili ya mota inayopata joto. Mnunuzi akitumwa "beringi ya 6205" bila hizo herufi, ataleta iliyo wazi. Itakaa vizuri kabisa mahali pake, na vumbi litaingia nayo. Kwa hiyo nakili namba yote, herufi kwa herufi, na piga picha ya ile ya zamani kabla haijatupwa.

Vitu vidogo viache. Spana, drili ya mkono na feni ya ofisini havihitaji kuandikwa. Orodha iliyobeba kila kitu haitahuishwa na mtu.

Madaraja matatu yanatosha

Orodha ikishakamilika, kaeni pamoja, mwenye mali, fundi na msimamizi wa zamu, mkaipe kila mashine daraja A, B au C. Maswali ni haya. Ikisimama sasa hivi, ni nani mwingine anasimama? Ikiharibika vibaya inaweza kumuumiza mtu? Ipo nyingine ya kuibadili? Kipuri chake kinachukua muda gani kufika?

Majibu huwashangaza wengi. Mashine mpya ya bei kubwa, ambayo kila mgeni hupelekwa kuiona, mara nyingi ni daraja B kwa sababu kazi yake inaweza kungoja siku mbili. Kompresa iliyosahauliwa nyuma ya jengo ni A, maana ikizima, mashine zote zinazotumia upepo zinazima nayo. Jenereta ni A ikiwa umeme hukatika na bidhaa yenu haivumilii kusimama katikati ya kazi. Na chochote chenye shinikizo, chenye kunyanyua mzigo au chenye kisu kinachozunguka ni A hata kama kinatumika mara moja kwa wiki.

Daraja C ni mashine ambazo mmeamua ziende mpaka ziharibike, ndipo zibadilishwe. Wenye mali wengine wanaona aibu kuandika hivyo, wakidhani ni uzembe. Ni uamuzi halali kabisa, mradi umeandikwa na mtu hawezi kuumia. Saa ambazo fundi hazitumii kwenye C ndizo anazozipeleka kwenye A.

Daftari la hitilafu, na sheria ya jibu

Hili ndilo ninalolipigania kuliko yote. Kampuni ndogo inahitaji njia moja tu ya kutoa taarifa. Si tatu. Pakiwa na daftari, kundi la simu, na kumwambia fundi mkikutana getini, basi hakuna kilichoandikwa. Kundi la simu linanitia wasiwasi zaidi, kwa sababu linaonekana kama linafanya kazi: ujumbe unatumwa, unasomwa, kisha unazama chini ya salamu na picha za harusi. Kama watu wamezoea simu, sawa, watume sauti. Lakini awepo mtu mmoja mwenye jukumu la kuihamishia daftarini siku hiyo hiyo.

Ukurasa ugawanye sehemu mbili. Upande wa kushoto ni wa mwendesha mashine: tarehe na saa, namba ya mashine, alichoona, jina lake. Upande wa kulia ni wa fundi: amepokea lini, atafanya nini na lini, kilichofanyika, sahihi ya kufunga. Kushoto kukiwa na maandishi na kulia kukiwa kweupe, kila apitaye anaona nani anadaiwa.

Sheria ni kwamba kulia kujazwe kabla ya mwisho wa zamu inayofuata. Simaanishi mashine iwe imetengenezwa. Namaanisha jibu liwepo. "Nimeona. Beringi imeagizwa, inafika Alhamisi. Mpaka hapo iendeshwe kwa mwendo mdogo, ikizidi kelele izimwe." Hilo ni jibu. "Tumeamua hatutengenezi mwezi huu, sababu ni kadha" nalo ni jibu, na watu wazima hulipokea. Ukimya ndio wasioupokea.

Wafundishe waendesha mashine waandike walichokiona, walichosikia na walichonusa, wamwachie fundi uchunguzi. "Mota imekufa" haisaidii. "Inapiga yowe upande wa puli ikiwashwa asubuhi, baada ya muda inanyamaza" inamfanya fundi aende moja kwa moja kwenye mkanda uliolegea akiwa na spana sahihi mkononi. Mwandiko mbaya si tatizo, na asiyeandika vizuri amwombe mwenzake.

Kuna jambo moja linaloua daftari haraka kuliko kukosa jibu, nalo ni kumkata mshahara aliyeripoti kuvunjika. Ukifanya hivyo mara moja, kuanzia siku hiyo mashine zitakuwa zinavunjika zenyewe, usiku, pasipo na mtu. Uzembe wa makusudi ushughulikieni kwa njia yake. Daftari lisiwe ushahidi wa kesi.

Dakika tano za mwendesha mashine

Anayekaa na mashine kutwa nzima huijua kuliko fundi anayepita. Utaratibu wa kumpa sehemu ya matengenezo ulipata jina nchini Japani mwanzoni mwa miaka ya 1970, ukitokea kwenye kampuni ya vipuri vya magari ya Nippondenso, na Seiichi Nakajima ndiye aliyeueneza zaidi. Kiini chake hakihitaji kiwanda kikubwa: mwendesha mashine asafishe, akaze, atie mafuta palipoonyeshwa, na aangalie; fundi afanye yanayohitaji ufundi.

Kusafisha ndio ukaguzi wenyewe. Mkono unaopitisha kitambaa kwenye mashine hukuta bolti iliyolegea, ufa kwenye mkono wa chuma, tone la mafuta pasipo mahali pake. Mrahisishie kazi. Chora mstari wa rangi unaopita juu ya nati na chuma kilicho chini yake. Nati ikigeuka mistari haikutani. Kwenye geji ya shinikizo paka rangi ya kijani kati ya kiwango cha chini na cha juu, ili mtu ajue hali bila kukumbuka namba. Kwenye kioo cha mafuta weka alama mbili.

Karatasi ya ukaguzi iwe na mistari mitano au sita, si arobaini. Karatasi ya mistari arobaini hujazwa tiki zote kwa mkupuo mmoja wa kalamu, mashine haijatazamwa. Na pale inapowezekana, usiombe tiki, omba namba. Kwa kompresa, kwa mfano:

- Kiwango cha mafuta: kati ya alama mbili?
- Maji yametolewa kwenye tangi?
- Shinikizo inapozima yenyewe: ___
- Saa kwenye mita: ___
- Sauti au harufu mpya: andika

Mtu akiandika namba, lazima awe ameisoma. Na namba hizo zikikaa kwenye safu moja kwa wiki kadhaa, fundi anaona kitu kinaelekea wapi kabla hakijafika.

Fundi naye azipitie karatasi hizo mbele ya walioziandika. Akikuta "harufu ya mpira unaoungua" ya juzi haina alama yake pembeni, kosa ni lake.

Ratiba ya kinga: chache, na zenye sababu

Anza na kitabu cha mashine. Kama kimepotea, tafuta kwa modeli na namba uliyonakili. Watengenezaji wengi huweka vitabu vyao kwenye intaneti. Toa humo kazi za lazima, uziandike kwenye kadi ya mashine. Kadi hiyo ni kama kadi ya kliniki ya mtoto: inakwenda na mashine maisha yake yote, na yeyote akiifungua anajua imepewa nini na lini.

Chagua kipimo kinachofaa. Kitu kinachochakaa kwa kazi kipimwe kwa saa za kazi: oili na filta za jenereta za dizeli, kwa mfano, mara nyingi hupangiwa takriban kila saa 250, ingawa neno la mwisho ni la kitabu cha injini yako. Kitu kinachozeeka hata kikikaa bure, kama mpira, betri na oili iliyomo ndani ya injini isiyowashwa, kipimwe kwa kalenda. Kadi iseme kile kitakachotangulia.

Jenereta ina jambo lake. Wengi huiwasha kila wiki bila mzigo, inanguruma dakika chache, inazimwa, na tiki inawekwa. Injini ya dizeli ikiendeshwa mara kwa mara chini ya theluthi ya uwezo wake haipati joto la kutosha. Mafuta yasiyoungua na masizi hukusanyika kwenye valvu na kwenye bomba la moshi. Ijaribu mara chache zaidi, lakini iwe na mzigo wa kweli na muda wa kutosha wa kupata joto. Na usisahau betri yake ya kuwashia, maana jenereta nyingi zilizogoma siku ya haja zilikuwa nzima kabisa, betri ndiyo ilikuwa imekufa.

Hapa nataka kuwaonya wenye bidii kupita kiasi. Mwaka 1978 F. Stanley Nowlan na Howard Heap wa shirika la ndege la United Airlines walitoa ripoti kwa Wizara ya Ulinzi ya Marekani kuhusu namna vifaa vya ndege vinavyoharibika. Walikuta asilimia 11 tu ya vifaa walivyochunguza vilionyesha kuchakaa kwa umri kwa namna ambayo kuvibadilisha kwa tarehe kungesaidia. Na kwa sehemu kubwa zaidi, asilimia 68, hatari ilikuwa juu mara tu kifaa kilipofungwa kikiwa kipya au kikitoka kutengenezwa. Mashine ya kufungasha si ndege, lakini kila fundi anaijua hali hiyo: giaboksi ilikuwa inakwenda vizuri, ikafunguliwa kwa sababu ratiba imesema, na wiki iliyofuata ikaanza kuvuja. Kwa hiyo kwenye ratiba yako kazi za kutazama, kusikiliza, kugusa joto na kupima ziwe nyingi. Kazi za kufungua ziwe chache, na kila moja iwe na sababu iliyoandikwa.

Grisi ni mfano mzuri wa bidii inayoharibu. Beringi inayozunguka kwa kasi ikijazwa grisi pomoni, grisi inasukwasukwa, joto linapanda, sili inasukumwa nje. Kwa beringi nyingi za kasi, theluthi moja hadi nusu ya nafasi iliyo wazi ndani yake inatosha. Usichanganye grisi za aina tofauti bila kujua kama zinakubaliana. Ya lithiamu na ya poliurea, kwa mfano, mara nyingi zikikutana hulainika na kutoka zote mbili. Chagua grisi moja itakayofaa mashine nyingi uwezavyo, andika jina lake kwenye bomba la grisi, na mashine inayotaka aina nyingine iwe na bomba lake lenye rangi tofauti.

Kazi yenye faida kubwa kuliko zote kwa gharama ndogo ni kufuta vumbi kwenye mapezi ya mota, yale matuta ya nje yanayotoa joto. Kanuni ya mafundi umeme ni kwamba kila joto la mota likizidi kiwango kwa nyuzi 10 za Selsiasi, uhai wa kihami cha koili zake, ile ngozi inayozuia umeme usivuje kwenye nyaya, hupungua kwa takriban nusu. Mota iliyovishwa blanketi la unga wa mbao inaungua polepole, siku hadi siku, na siku ikizima watu husema umeme ulikuwa mbaya.

Mikanda inayofanya kazi pamoja kwenye puli moja ibadilishwe yote kwa pamoja, kwani mpya ukiwekwa kando ya mizee, ule mpya hubeba mzigo peke yake. Na mikanda mipya hunyooka, hivyo irudiwe kukazwa baada ya siku moja au mbili za kazi. Liandike hilo kwenye kadi kama kazi inayojitegemea, la sivyo litasahaulika.

Kisha kuna upepo unaovuja. Kwenye mifumo isiyotunzwa, asilimia 20 hadi 30 ya hewa ya kompresa hupotea kwenye viungo na mipira. Jioni mashine zikishazimwa, acha kompresa na shinikizo lake, tembea kimya ukifuata mabomba na maji ya sabuni. Kila povu ni umeme unaolipiwa bure. Funga kipande cha kitambaa chekundu kwenye kila tundu, na kesho yake hesabu vilivyobaki mpaka viishe.

Kufuli

Hakuna ratiba, kadi wala faida inayozidi hili. Kabla mkono haujaingia kwenye mashine, swichi kuu izimwe na ifungwe kwa kufuli. Si kibao cha "usiwashe", si kumwambia mwenzako aangalie. Kufuli la fundi mwenyewe, lenye ufunguo mmoja, na ufunguo umo mfukoni mwake. Wakiwa mafundi wawili, makufuli mawili.

Kisha ajaribu kuwasha, ahakikishe mashine imekufa kweli, kwani swichi zilizoandikwa vibaya zipo kila mahali. Kisha aondoe nguvu iliyobaki ndani: atoe upepo kwenye silinda, ashushe mzigo ulioning'inia au auegemeze kwenye nguzo ya chuma, alegeze springi, asubiri umeme uliohifadhiwa kwenye kapasita. Vifaa vya kudhibiti kasi ya mota hubaki na umeme wa kuua hata baada ya kuzimwa. Muda wa kusubiri umeandikwa kwenye kifuniko chao, na usipunguzwe hata dakika moja.

Anayeondoa kufuli ni aliyelifunga. Mwenye mali akija na haraka ya mteja, sheria ni hiyo hiyo, na ni vizuri aitamke yeye mwenyewe mbele ya wafanyakazi wote siku ya kuanza. Wakimsikia yeye, watajua hakuna atakayelaumiwa kwa kuchelewa.

Stoo ya vipuri

Usinunue vipuri vya kila kitu. Anza na mashine za daraja A, na kwa kila moja uliza: ni kitu gani kikivunjika leo tutasimama kwa siku nyingi? Hicho ndicho cha kuweka. Kinachopatikana dukani ndani ya saa moja kiache dukani.

Kwa vinavyotumika mara kwa mara, weka kiwango cha kuagiza. Hesabu ni rahisi: matumizi ya muda wa kusubiri mzigo, ukiongeza akiba kidogo. Mkitumia mikanda miwili kwa mwezi na mzigo unachukua miezi miwili, minne itatumika mkisubiri. Ongeza mmoja au miwili, hivyo agizeni inapobaki mitano au sita. Andika namba hiyo kwenye rafu yenyewe. Atakayechukua mkanda unaofikisha idadi hapo ndiye anayemwambia mnunuzi.

Beringi ikae kwenye boksi lake, imelala, haijafunguliwa mpaka saa ya kufungwa. Mikanda na sili zikae mbali na jua na joto. Oili ifunikwe, na faneli ya kumiminia nayo ifunikwe. Mchanga unaoingia kwenye giaboksi mara nyingi umeingizwa na faneli.

Kipuri kilichoharibika nacho kina kazi. Kifungie kibao chenye namba ya mashine na tarehe, kiweke kwenye meza yake, na kisitupwe mpaka sababu ya kuharibika imeandikwa.

Swali la kwa nini

Kadi ya kazi, ile fundi anayojaza kila anapotengeneza hitilafu, iwe na mstari wa mwisho usioachwa wazi: kwa nini iliharibika? Taiichi Ohno wa Toyota alikuwa na mfano unaojulikana sana. Mashine imesimama: fyuzi imekatika kwa kuzidiwa mzigo. Kwa nini imezidiwa? Beringi haikupata mafuta. Kwa nini? Pampu ya mafuta haisukumi vizuri. Kwa nini? Mhimili wake umelika. Kwa nini? Hakukuwa na chujio, vipande vya chuma viliingia. Fundi aliyebadilisha fyuzi tu angerudi kesho yake. Aliyebadilisha beringi angerudi baadaye kidogo.

Kwa daraja A fanyeni hivyo kila mara. Kwa B, hitilafu ikirudi mara ya pili. Na mwombe mwendesha mashine awepo, kwa sababu mara nyingi jibu la tatu au la nne analo yeye: "Toka lile chujio litolewe ndipo ilipoanza." Alikuwa anangoja kuulizwa.

Namba tatu za mwisho wa mwezi

Ya kwanza ni saa ambazo mashine za A zilisimama bila kupangwa. Ukitaka kuichambua zaidi, igawe mara mbili: mashine iliyofanya kazi saa 400 ikaharibika mara 4 ina wastani wa saa 100 kati ya hitilafu na hitilafu, na kama matengenezo yote manne yalikula saa 8, kila moja lilichukua saa 2. Namba ya mia ikipungua, tatizo liko kwenye kinga. Namba ya mbili ikipanda, tatizo liko kwenye vipuri, zana au ujuzi.

Ya pili ni sehemu ya saa za fundi iliyokwenda kwenye kazi zilizopangwa, ikilinganishwa na za dharura. Mwanzoni dharura zitakula karibu zote. Tafuta ipande mwezi kwa mwezi, usitafute ifike pazuri kwa mkupuo.

Ya tatu ni taarifa ngapi daftarini zimepita wiki mbili bila kufungwa. Hii ndiyo ninayomwomba mwenye mali aitazame mwenyewe, kwa macho yake, kwa sababu sehemu kubwa ya zile zilizokwama humngoja yeye: ununuzi haujaidhinishwa, mashine haijaruhusiwa kusimamishwa. Kila wiki wakutane dakika ishirini wakiwa wamesimama mbele ya daftari, yeye, fundi na msimamizi wa zamu, wazipitie moja moja.

Kompyuta inaingia lini

Inaingia wakati daftari limejazwa pande zote mbili kwa miezi mitatu mfululizo. Hatua ya kwanza ni jedwali la kompyuta la kawaida, kama Excel: karatasi moja ya orodha ya mashine, moja ya ratiba yenye tarehe ya mwisho na tarehe ijayo, moja ya kazi zilizofanyika. Kwa kampuni ya mashine ishirini hilo linaweza kutosha kwa miaka.

Mkifikia kununua programu maalumu, ijaribuni kwa mashine tano za daraja A kabla ya kulipia zote. Angalieni kama inafanya kazi kwenye simu pale intaneti inapokatika, kama aliyetoa taarifa anapata ujumbe kazi yake ikifungwa, na kama mnaweza kutoa data yenu yote siku mkitaka kuhama. Programu isiyorudisha ujumbe kwa mtoa taarifa msiinunue, hata iwe na grafu nzuri kiasi gani.

Siku ya kuhamia, msijisumbue kuingiza historia yote ya zamani. Ingizeni orodha ya mashine, saa zilizopo kwenye mita siku hiyo, tarehe ya sevisi ya mwisho ya kila moja, na taarifa ambazo hazijafungwa. Madaftari ya zamani yawekeni kabatini yakiwa na tarehe kwenye jalada, na daftari jipya liendelee kukaa kando ya mashine kwa ajili ya yeyote asiyeruhusiwa kushika simu akiwa kazini. Msimamizi wa zamu ndiye atakayeingiza kwenye programu yaliyoandikwa humo kabla hajaondoka.